Kwa nini katikati ya 1,000 na 10,000,000 panaweza kuwa 100,000

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alininyooshea simu yake huku kidole gumba bado kimebonyeza kioo. "Hebu iangalie hii, mwanangu. Nikigusa tu, inaruka." Alikuwa kwenye ukurasa wa kuchuja bei, katika programu ya sokoni ambayo mimi na wenzangu tulikuwa tunaijaribu kwa wafanyabiashara. Kulikuwa na mstari wenye kitufe cha kuburuta: mwisho wa kushoto 1,000, mwisho wa kulia 10,000,000. Alitaka bidhaa zisizozidi 20,000. Kitufe kikiwa kushoto kabisa kilisoma 1,000. Akikisukuma kiasi kidogo kuliko vyote simu iliyoweza kukihisi, kilisoma 34,330. Akisukuma tena, 67,660. Shilingi 20,000 haikuwepo popote kwenye mstari ule, na mama wa watu alishaamini simu yake imeharibika.

Simu ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa letu sisi tulioitengeneza programu, na chanzo chake ni kilekile kinachowagombanisha watu kwenye magrupu ya WhatsApp kila inapopita grafu yenye namba 1, 10, 100, 1,000 pembeni. Mmoja husema ni ulaghai, mwingine husema ndiyo sayansi, na wengi hubaki hawajui waamini lipi. Jambo lenyewe ni jepesi kuliko kelele zake, kwa hiyo nalifungua hapa polepole.

Skeli ni makubaliano kati ya namba na nafasi. Rula ya shuleni ina skeli, mizani ya samaki ina skeli, na mstari wa bei kwenye simu una skeli. Programu ikipewa bei, lazima iamue kitufe kikae wapi. Ikipewa mahali kitufe kilipo, lazima iseme hiyo ni bei gani. Kuhamisha namba kuwa nafasi, na nafasi kuwa namba, ndiyo kazi yote tunayoizungumzia.

Njia za kukubaliana zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza ni skeli ya mstari, ambayo kila hatua yenye urefu sawa inajumlisha kiasi kilekile. Kwenye rula, kutoka sentimita 2 hadi 3 ni sawa na kutoka 28 hadi 29. Ya pili ni skeli ya logi, ambayo kila hatua yenye urefu sawa inazidisha kwa kiasi kilekile. Hatua moja inakutoa 10 hadi 100, hatua ya urefu uleule inakutoa 100 hadi 1,000, na nyingine inakufikisha 10,000.

Hii ya pili huwatisha watu, lakini kila Mtanzania anatembea nayo mfukoni. Zipange fedha zetu mezani: sarafu za 50, 100, 200 na 500, halafu noti za 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Angalia zinavyopanda. Kutoka 50 kwenda 100 umezidisha kwa 2. Kutoka 200 kwenda 500 umezidisha kwa 2 na nusu. Kutoka 5,000 kwenda 10,000, kwa 2 tena. Kila fedha ni kama maradufu ya iliyoitangulia, na kwa hatua saba tu umetoka pipi hadi kilo ya nyama. Kama fedha zingepangwa kwa kujumlisha 50 kila mara, tungehitaji aina 200 za sarafu na noti kufika 10,000, na kondakta wa daladala ya Igoma angetembea na gunia la chenji. Anayetoa chenji hajali kama tofauti ni 50 au 500. Anajali hiyo 50 ni 50 ya nini: kwenye bei ya 100 ni nusu, kwenye bei ya 10,000 hakuna anayeigombania.

Logi yenyewe ni jibu la swali moja: ili kupata namba hii, 10 ipandishwe kwa kipeo gani? 100 ni 10 kwa kipeo cha 2, hivyo logi yake ni 2. 1,000 logi yake ni 3. Logi ya 1 ni 0. Zile za katikati huwa na desimali: logi ya 2 ni 0.301, ya 5 ni 0.699, ya 20 ni 1.301. Waliopita kidato cha pili watakumbuka kitabu chembamba cha majedwali ambamo namba hizi zilitafutwa kwa kidole na rula. Aliyezitangaza kwa dunia ni Mskoti John Napier mwaka 1614, akiwa na nia ya kuwapunguzia watu adha ya kuzidisha namba kubwa kwa mkono. Siri yake haijabadilika hadi leo: ukishageuza namba kuwa logi, kuzidisha kunakuwa kujumlisha. Ndiyo maana kompyuta ikitaka kuchora skeli ya kuzidisha, hutafuta logi kwanza, kisha huchora kama inachora rula ya kawaida.

Sasa turudi kwenye simu ya mama.

Mstari wa kuburuta kwenye kioo ulikuwa na urefu wa nukta 300, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha ya kioo. Kati ya 1,000 na 10,000,000 kuna shilingi 9,999,000. Zigawe kwa 300: kila nukta imebeba shilingi 33,330. Bidhaa za mama huyu na majirani zake, tuseme kuanzia kisado cha 3,000 hadi mzigo wa 60,000, zote zimebanwa ndani ya nukta mbili za kwanza. Ncha ya kidole hufunika nukta kama 40, yaani zaidi ya shilingi milioni moja. Nukta nyingine 298 tulikuwa tumezitenga kwa ajili ya injini za boti na majokofu makubwa, vitu ambavyo katika soko letu vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole.

Kwa skeli ya logi hesabu inabadilika. Kutoka 1,000 hadi 10,000,000 ni kuzidisha kwa 10 mara nne: 1,000, 10,000, 100,000, 1,000,000, 10,000,000. Nukta 300 zigawe kwa nne, kila hatua inapata nukta 75. Bidhaa za 3,000 hadi 60,000 sasa zinaenea nukta 98 hivi, karibu theluthi moja ya mstari. Kidole kina pa kutembea.

Kanuni yake haina uchawi. Ukitaka kujua 20,000 inakaa wapi, igawe kwa mwanzo wa skeli: 20,000 kwa 1,000 ni 20. Tafuta logi ya 20, ni 1.301. Gawanya kwa logi ya safari nzima, yaani logi ya 10,000, ambayo ni 4. Unapata 0.325. Zidisha kwa nukta 300 na umefika nukta ya 97.6, tuseme 98. Kurudi ni njia ileile kinyumenyume. Kitufe kikiwa katikati kabisa, nukta ya 150, hiyo ni nusu ya safari. Nusu ya 4 ni 2. Kumi kwa kipeo cha 2 ni 100. Mara 1,000, unapata 100,000. Hilo ndilo lililowashangaza wenzangu wawili siku ile: katikati ya skeli ya logi si milioni tano. Ni ile namba ambayo umbali wake wa kuzidisha ni sawa kwenda pande zote mbili. Kutoka 1,000 kufika 100,000 ni mara 100, na kutoka hapo kufika 10,000,000 ni mara 100 tena.

Wapo wanaouliza kama ni lazima logi iwe ya 10. Si lazima. Ukitumia logi asilia, ile ambayo badala ya 10 hutumia 2.718 hivi, 20 inatoa 2.996 na 10,000 inatoa 9.210. Gawanya, unapata 0.325 ileile. Nimewahi kuona watu wazima wakipoteza mchana mzima wakibishana kuhusu hili, wakati mgawanyo unaifuta tofauti yote.

Mahali penye hatari ni kwenye kurudi. Marekebisho yetu ya kwanza tuliyafanya haraka jioni moja: tukabadilisha namna kitufe kinavyochorwa na namba zinazoandikwa chini ya mstari, basi. Sehemu ya programu inayosoma nafasi ya kitufe na kuigeuza kuwa bei ya kutafutia ilibaki na kanuni ya zamani ya kujumlisha. Kesho yake mama aliburuta kitufe hadi kwenye alama ya 20,000, nukta ya 98. Kioo kilimwonyesha 20,000. Nyuma ya pazia programu ilichukua 98, ikazidisha kwa 33,330, ikaongeza 1,000, ikaenda kutafuta kila kitu kisichozidi shilingi 3,267,340. Akaletewa injini ya boti.

Kosa la namna hii ni baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu la kwanza lilionekana. Hili la pili linasema uongo kwa sura ya utulivu. Tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayowasisitizia vijana wanaojifunza kazi hii hapa Mwanza: kwenda na kurudi viandikwe sehemu moja, vijaribiwe pamoja. Chukua bei kumi tofauti, zipeleke kuwa nafasi, zirudishe kuwa bei. Kama hukupata ulichoanza nacho, usilale.

Utapata karibu na ulichoanza nacho, kwa kweli, si kilekile, nalo linahitaji maelezo. Nukta hazina nusu. 97.6 ikiwa 98 na ukairudisha, unapata 20,261, siyo 20,000. Kwenye skeli hii kila nukta moja ni ongezeko la asilimia 3 hivi. Kwenye 3,000 asilimia hiyo ni kama shilingi 90, na kwenye milioni 5 ni zaidi ya laki moja na nusu. Kosa linakua pamoja na bei, na ndivyo sokoni kulivyo: hakuna anayesumbuka na shilingi 90 kwenye injini. Kwa hiyo onyesha bei iliyokadiriwa vizuri, 20,000, na ukihifadhi chaguo la mtumiaji hifadhi bei yenyewe, usihifadhi nafasi ya kitufe. Leo anatumia simu yenye kioo kidogo, kesho anafungua kwenye kompyuta ya binti yake, na nukta ya 98 huko ni bei nyingine kabisa.

Kuna jingine dogo ambalo limewakosesha wengi usingizi. Katika baadhi ya lugha za programu, ukitafuta logi ya 1,000 kwa kugawanya logi asilia, kompyuta haikupi 3. Inakupa 2.9999999999999996, kwa sababu ya namna inavyotunza desimali. Ukikata desimali bila kukadiria, unabaki na 2, na alama ya 1,000 inaandikwa 100. Tumia logi ya 10 iliyotengenezwa tayari kwenye lugha husika, au kadiria kabla ya kukata.

Sifuri ndiyo inayonigusa zaidi.

Anza na 1,000, gawanya kwa 10 kila hatua: 100, 10, 1, 0.1, 0.01, 0.001. Endelea mwezi mzima, hufiki sifuri. Kwenye skeli ya logi sifuri haina mahali pa kukaa, na namba hasi ndiyo kabisa. Ukiilazimisha, kompyuta hukujibu kwamba logi ya sifuri ni hasi isiyo na mwisho, na grafu inakatika au mstari unatumbukia chini ya ukurasa. Mtengeneza programu mwenye haraka hufanya jambo rahisi: anazifuta sifuri zote, grafu inapendeza, kazi inakabidhiwa.

Fikiria sasa kitabu cha mialo, yaani kule mitumbwi inakoshusha samaki, kinachoandika kila chombo kimeleta kilo ngapi. Mtumbwi uliorudi mtupu ni sifuri. Futa sifuri, na ziwa linaonekana limejaa samaki kila usiku, kwa sababu umebakiza waliobahatika tu. Au fikiria vipimo vya maji ya visima na ya ziwani. Kwa maji ya kunywa, kinachotakiwa ni vimelea vya E. koli kutoonekana kabisa katika mililita 100. Hapo sifuri ndiyo habari njema pekee kwenye ukurasa mzima, na wewe umeifuta kwa sababu haikuingia kwenye mchoro.

Zipo njia za haki. Unaweza kuipa sifuri kijumba chake mwanzoni mwa skeli, kikitengwa kwa pengo linaloonekana, na kuandika wazi "0". Hii ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa msomaji anaona kwamba pale mambo ni tofauti. Unaweza pia kuongeza 1 kwa kila namba kabla ya kutafuta logi: 0 inakuwa 1 na logi yake 0, 9 inakuwa 10 na logi yake 1, 99 inapata 2. Inafanya kazi kwa hesabu ya vitu, ila namba ndogo zinasogea kidogo kutoka mahali pake, na wakati wa kurudi lazima ukumbuke kuitoa ile 1. Kwa mambo yenye faida na hasara, ambako kuna namba hasi, hutumika skeli mchanganyiko: karibu na sifuri inakwenda kwa kujumlisha, ikishatoka mbali inakwenda kwa kuzidisha, pande zote mbili.

Nije kwa wasomaji wa grafu, ambao ni wengi kuliko watengenezaji. Madai kwamba skeli ya logi ni ulaghai yalisambaa sana mwaka 2020, dunia nzima ilipokuwa inaonyeshwa grafu za Uviko kila jioni. Ulaghai upo pale tu namba za pembeni zinapofichwa. Chukua gugu maji, ambalo sisi wa kando ya ziwa tunalijua kwa macho. Tuseme kipande cha mita moja ya mraba kinaongezeka maradufu kila wiki mbili. Baada ya wiki 26 ni mita za mraba 8,192, zaidi ya uwanja wa mpira. Kwenye skeli ya mstari, grafu yake inalala chini kwa miezi minne kana kwamba hakuna kitu, halafu inasimama kama ukuta. Mtu akiiona mwezi wa tatu atasema tuna muda. Kwenye skeli ya logi ni mstari ulionyooka tangu siku ya kwanza, na unyoofu huo maana yake ni kwamba kuongezeka maradufu hakujapungua hata kidogo. Mstari ukianza kupinda kuelekea chini, hapo ndipo kazi ya kung'oa imeanza kuzaa matunda. Kila skeli ina swali lake: ya mstari inajibu "ni kiasi gani?", ya logi inajibu "kinakua kwa kasi gani?" Anayesoma jibu la moja kwa swali la nyingine atapotea.

Vivyo hivyo na asilimia. Dawa ya maji inayoondoa asilimia 99 ya vimelea inasikika kama imemaliza. Kama maji yalikuwa na vimelea 1,000,000, vimebaki 10,000. Kwenye skeli ya logi hizo ni hatua mbili tu kati ya sita.

Kuna namba ambazo zimekwisha kugeuzwa logi kabla hazijakufikia, nazo zinahitaji uangalifu wa pekee. Tetemeko lililopiga Kagera, ng'ambo ya ziwa, Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Mtu akisikia la 6.9 mahali pengine hudhani limezidi kwa moja tu. Hiyo moja ni mitikisiko mikubwa mara 10 na nishati mara 32 hivi. Desibeli za sauti na pH ya maji, kipimo cha uasidi wake, ziko kwenye kundi hilohilo. Mtengeneza programu akizipokea azichore kwenye skeli ya mstari ya kawaida. Akizitafutia logi tena, ameweka logi juu ya logi, na picha haina maana kwa yeyote.

Kitu kimoja ninakikataa moja kwa moja: grafu ya nguzo kwenye skeli ya logi. Kwa sensa ya 2022 mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872 na Katavi 1,152,958. Mwanza ni zaidi ya mara tatu. Chora nguzo kwa skeli ya logi ukianzia 1, na nguzo ya Katavi inafika asilimia 92 ya nguzo ya Mwanza, kana kwamba mikoa inalingana. Anzia 1,000,000, na nguzo ya Mwanza inakuwa mara tisa ya Katavi. Watu ni walewale, sensa ni ileile. Jicho husoma urefu wa nguzo tangu chini, na skeli ya logi haina chini. Weka vitone, au rudi kwenye skeli ya mstari.

Kwa mama wa Kirumba tulifanya marekebisho ya pili, safari hii kwenda na kurudi. Chini ya mstari hatukuandika 1,000, 10,000, 100,000 peke yake. Tuliongeza za katikati kwa mpangilio wa noti: 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, 20,000, 50,000, na kuendelea hivyo. Kwenye skeli ya logi alama hizo hukaa kwa nafasi zinazokaribiana, kwa sababu 1, 2, 5 na 10 zinaigawa hatua moja ya kumi katika vipande vitatu vinavyokaribia kulingana. Nilimpa simu bila kumweleza chochote. Aliburuta kitufe, akapita 5,000, akapita 10,000, akasimama kwenye 20,000. Orodha ikafunguka: dagaa, furu waliokaushwa, nyavu za mtumba. Akaanza kuuliza bei za watu wa Igombe.